Kuusikiliza Moto Kutoka Shinyanga

Shinyanga haina mlima wa moto. Ukitoka Kahama hadi Maswa, ambayo enzi hizo bado ilikuwa ndani ya mkoa wetu, utaona vilima vya matale, mbuga nyeusi, minyaa na mashamba ya pamba, lakini hutaona kilele kinachofuka moshi. Oldoinyo Lengai uko mbali mashariki, ng'ambo ya Serengeti. Meru na Kilimanjaro ni mbali zaidi. Upande wa magharibi, mpaka uivuke Rwanda ndipo uikute Nyiragongo. Kwa hiyo mwaka 1994, tulipofika katika kijiji kimoja njia ya Nzega na gari lililosheheni mitambo, tukasema tumekuja kuchunguza kilichoko chini ya volkano za Afrika Mashariki, hakuna aliyetusadiki. Sikuwalaumu. Nilikuwa kijana wa mkoa huo huo, nimechukuliwa kibarua kwa kuwa nakijua Kisukuma, nazijua njia na mwandiko wangu unasomeka, na mimi mwenyewe nilijiuliza kimoyomoyo: volkano ziko Arusha, sisi huku tunachimba shimo la nini?

Jibu nililielewa polepole, miaka ikipita, na ndilo linalonifanya niandike. Moto ulio chini ya ardhi hauonekani vizuri ukiwa umeukalia. Unaonekana pale unapokuwa na mahali baridi pa kuulinganisha nao, na mahali hapo, kwa Afrika Mashariki, ni kwetu Usukumani na Unyamwezini.

Niseme kwanza wakati wenyewe ulivyokuwa. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza; ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa tangu 1966, na huu mkubwa wa sasa ulikuwa haujafunguliwa. Uzinduzi wake ulifanyika mwaka 2000. Katikati hapo dhahabu ilikuwa mikononi mwa wachimbaji wadogo: Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa, Bulyanhulu. Karibu kila ukoo ulikuwa na kijana wake huko kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Wengine walirudi na baiskeli mpya na redio, wengine hawakurudi. Kampuni za utafutaji kutoka nje zilikuwa zimeanza kumiminika na magari yao, ramani zao na vijana wa kubeba mifuko ya sampuli. Upande wetu kulikuwa na Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aliigundua almasi mwaka 1940. Watu walikuwa na uzoefu wao, nao ulikuwa wa haki kabisa: mgeni akija kuipima ardhi yako, ujue kuna kitu amekiona.

Mradi wetu ulikuwa wa sayansi tupu. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani, akiwemo Andrew Nyblade wa Penn State, pamoja na wenzao wa Tanzania, walitega vituo 20 vya kupima mitetemo katika mistari miwili iliyoikata nchi: mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi, mwingine ukishuka kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Vingine vilikuwa ndani ya Bonde la Ufa lenyewe. Vingine vilikuwa huku kwenye mawe ya kale: Singida, Puge, Urambo. Vilianza kazi katikati ya 1994 vikang'olewa katikati ya 1995.

Kabla ya jembe kugusa ardhi ilibidi kuwe na mkutano wa kijiji. Walikuwepo mwenyekiti, mtendaji, na ntemi wa sungusungu, mzee mrefu aliyekaa kwenye kigoda chake bila kuegemea chochote. Sungusungu ilizaliwa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoka kuibiwa ng'ombe, na mwaka ule neno la ntemi bado lilikuwa zito kuliko la mtendaji. Wageni wakaeleza, mimi nikatafsiri. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mimi, siyo wao:

"Mjukuu wangu, waulize hicho chombo kinanusa dhahabu au almasi."

"Hakinusi kitu, namhala. Kinasikiliza ardhi inavyotetemeka."

"Ardhi ya hapa haitetemeki."

"Ndiyo maana wamekuja hapa."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoelezwa njiani. Mzee akanitazama kwa muda, akawageukia wenzake, wakazungumza. Kilichokuwa kigumu zaidi kilikuwa mahali pa kuweka. Mtambo ulihitaji utulivu: mbali na barabara, mbali na kisima, mbali na njia ya ng'ombe, na mbali na miti mikubwa pia, kwa sababu upepo ukiusukuma mti, mizizi huitikisa ardhi. Sehemu pekee ya namna hiyo ilikuwa ngitili, ile sehemu ya malisho inayofungwa ili nyasi ziwahi kukua kabla ya kiangazi. Mradi wa HASHI ulikuwa umeanza mwaka 1986 kuzirudisha ngitili katika Shinyanga iliyokuwa inageuka jangwa, na wazee wa kijiji kile walikuwa wakali nazo. Walikubali kwa sharti kwamba mlinzi atoke kijijini na alipwe, na kwamba siku tutakapofukua, wawepo. Masharti yote mawili yalitekelezwa.

Tukachimba hadi udongo laini ukaisha na jembe likaanza kulia juu ya mwamba. Tukamwaga zege kidogo kutengeneza sakafu bapa, tukaizungushia pipa la plastiki lililokatwa kitako, tukaiacha ikauke. Kesho yake ndipo sismomita ikatolewa kwenye sanduku lake lenye sponji. Ilikuwa kitu kidogo kuliko nilivyodhani, duara, nzito kwa umbo lake, na yule mtaalamu aliishika kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Ina miguu mitatu ya skrubu na kiputo cha hewa ndani ya kioo kidogo. Unazungusha skrubu moja kidogo sana, unasubiri, unazungusha nyingine, mpaka kiputo kikae katikati kabisa. Kisha unaielekeza kaskazini kwa dira, kwa sababu ndani yake kuna vipimo vya pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Nilijifunza kushusha pumzi kabla ya kugusa skrubu. Waya unatoka pembeni kwenda kwenye sanduku la kurekodi. Sanduku linapata umeme kwenye betri, betri zinapata kwenye sola, na saa yake inasahihishwa na setilaiti, maana sekunde iliyokosewa inaharibu kazi yote. Mwisho tunafunika pipa na kurudisha udongo juu ili jua na upepo visiifikie.

Kuijaribu, mtu anasimama hatua kadhaa kutoka shimoni anaruka, mwingine anatazama kompyuta mpakato. Nikaruka mimi: mistari mitatu ikachanganyikiwa kidogo, ikatulia. Mzee ntemi akasema anataka kuona kwa miguu yake mwenyewe. Akaweka fimbo chini, akaruka, akaja kwenye kioo tukamwonyesha alama yake. Akaomba tumwonyeshe tena ya kwangu. Yake ilikuwa kubwa. Watu walishangilia siku ile mpaka mtaalamu akasema basi, mnaijaza diski.

Tangu hapo hakuna aliyetuuliza tena habari ya dhahabu pale kijijini. Walikuwa wameona kinachoingia kwenye mtambo na kinachotoka.

Sasa, mruko wa mzee hauwezi kumwambia mtu kilichoko chini ya Kilimanjaro. Kinachoweza ni tetemeko kubwa la mbali. Dunia inatetemeka kila siku mahali fulani, Hindu Kush, Indonesia, Pasifiki, na mawimbi yake hupita ndani kabisa ya dunia yakatokea huku kwetu bila mtu kuhisi lolote. Katika mwamba mgumu ulioko chini ya ganda la dunia, wimbi la kwanza hukimbia kama kilomita 8 kwa sekunde, na lile la pili, linalotikisa pembeni, kama nusu ya hapo na zaidi kidogo. Mwamba ukiwa wa moto, mawimbi hupungua mwendo. Ukiwa na hata kiasi kidogo cha ujiuji ulioyeyuka, hupungua zaidi, hasa lile la pili, ambalo ndani ya kimiminika kitupu halipiti kabisa.

Niliwaeleza hivi vijana wa kijijini, na bado ndivyo ninavyoeleza. Waendesha baiskeli ishirini wanatoka mnada mmoja saa ile ile, kila mmoja ana gunia lake na njia yake. Masika imenyesha. Wanaopita kwenye kichanga wanafika kwa wakati. Wanaokatiza mbuga wanafika wamechelewa, matairi yamejaa tope. Wewe hukutoka nyumbani, lakini ukiandika nani kafika saa ngapi na kapita wapi, unaweza kuchora mahali tope lilipo. Wakitoka mnada wa pili wa upande mwingine, mchoro unazidi kuwa sahihi, maana njia zinakatana. Wataalamu wanaita tomografia. Kwa kuwa huwezi kujua nani amechelewa bila kumjua aliyewahi, ilibidi kuwe na vituo penye mwamba mgumu baridi. Vituo vyetu ndivyo vilivyowahi.

Nilitumwa mara kwa mara kubadilisha diski, kufuta vumbi kwenye sola, kuongeza maji ya betri na kuandika kwenye daftari kila nilichokuta. Mchwa walikuwa adui mkubwa kuliko wezi. Walipenda ganda la waya na ubao wa sanduku. Kulikuwa na mbuzi aliyegundua kwamba chini ya sola kuna kivuli. Mlinzi alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi: aliwazuia hata watoto wake kupita upande ule, na usiku alilala nje karibu na pale, jambo ambalo hakuna aliyemtaka alifanye.

Mwaka ule dunia haikutulia. Agosti 18, 1994 lilipiga tetemeko la ukubwa wa karibu 5.9 upande wa Ziwa Rukwa, hapa hapa nchini, na mawimbi yake yalitufikia ndani ya dakika moja hivi. Oktoba 4 likapiga jingine visiwa vya Kuril, kaskazini mwa Japani, la 8.3. Januari 17, 1995 likaja la Kobe. Habari za Kobe tulizisikia redioni, watu zaidi ya 6,000 walikufa, na siku chache baadaye nilipofika kituoni nilijua kwamba ndani ya diski ninayoichomoa kuna mtikisiko ule ule uliobomoa nyumba za watu, umefika Unyamwezini chini ya nusu saa, umedhoofu kiasi kwamba ng'ombe aliyelala asingeinua kichwa. Nilikaa kidogo na diski ile mkononi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba vifo vya watu wa mbali vinaweza kupita chini ya miguu yangu.

Mradi ulipokwisha nilielekea Geita kama vijana wengi, isipokuwa mimi sikushuka kwenye duara. Nilipata kazi kwenye vikosi vya upimaji vya utafutaji wa dhahabu, na huko nikakutana na ndugu wa kazi ile niliyoiacha. Tulitembea na magnetomita mgongoni, mistari iliyonyooka kukatisha vichaka na mashamba ya mihogo, hatua kwa hatua tukisoma nguvu ya sumaku ya ardhi. Kabla ya kuanza unavua mkanda wenye kifungo cha chuma, unatoa funguo, unaacha saa na hata kisu. Mwenzetu mmoja alikuwa na kipande cha chuma kwenye mguu tangu ajali ya gari. Hakuweza kubeba mtambo kamwe, akawa anaandika. Miamba ya Geita ina matabaka ya madini ya chuma yenye sumaku kali, na dhahabu nyingi imekaa ndani au kando ya matabaka hayo. Ukifika juu yake namba zinapanda ghafla, na unajua hata kabla mkuu wa kikosi hajaja kuangalia.

Ni huko Geita ndipo nilipoelezwa jambo lililoyaunganisha mambo yote kichwani mwangu. Ile miamba ya kijani-kijivu tunayoikanyaga, ambayo mchimbaji mdogo anaitambua kwa jicho, mingi ni lava. Miaka bilioni 2.7 iliyopita, au zaidi kidogo, hapa palikuwa na volkano. Magma ilipanda, ikamwagika, ikapoa. Maji ya moto yakapita kwenye nyufa yakaacha dhahabu. Kwa hiyo volkano zipo Geita, ila ni nzee kiasi kwamba zimebaki mizizi, na moto wake ulizimika kabla hata ya kuwepo mnyama wala mti duniani. Nchi iliyozunguka ikaganda, ikawa nene, ikawa ngumu. Ndiyo hiyo wanayoiita kratoni ya Tanzania.

Matokeo ya vituo vyetu yalikuwa yanatoka taratibu kwenye majarida ya kisayansi, kuanzia 1996 na kuendelea. Nilitafutiwa nakala na mtu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, nikazisoma kwa kamusi. Ganda la dunia chini yetu lina unene wa kilomita 37 hadi 42, na tofauti kati ya kwetu na pembezoni mwa Bonde la Ufa si kubwa kama mtu angetarajia. Tofauti kubwa ni chini ya ganda. Chini ya kratoni mwamba unaendelea kuwa baridi na mgumu hadi kilomita 150, wengine kwa njia nyingine ya hesabu walipata 200 au zaidi. Ukivuka tu ukingo kuelekea mashariki, kwenye Ufa, mawimbi yanachelewa: mwamba ni wa moto, laini. Na joto hilo halikomei juu. Dalili zake zinaonekana hadi kilomita 400. Mwaka 2013, Gabriel Mulibo, Mtanzania, pamoja na Nyblade, kwa vituo vipya vingi zaidi, walionyesha kwamba limeungana na mkondo mkubwa wa joto unaopanda kutoka kina kirefu zaidi upande wa kusini-magharibi. Yaani moto wa Arusha haukuzaliwa Arusha. Unatoka chini kabisa, unakutana na jiwe letu, na volkano za leo zimejipanga kandokando yake.

Hapa pana jambo ambalo watu hulivuruga, hata magazetini. Picha ile ya mawimbi yanayochelewa siyo picha ya ziwa la magma. Ni picha ya joto. Sehemu kubwa ya mwamba huo ni yabisi, moto lakini yabisi, na kiasi kinachoyeyuka ni kidogo, kimejificha katikati ya chembe. Kuitafuta magma yenyewe, ile iliyokusanyika karibu na juu na inayoweza kulipuka, kunataka mitambo iliyosogezwa karibu na kuchanganya njia nyingi: mitetemo midogo ya pale pale, mvutano wa ardhi unaopungua juu ya kitu chepesi, umeme wa asili unaopita kwa urahisi penye ujiuji na maji ya chumvi, na setilaiti zinazopima kama mlima umevimba kwa sentimita. Kila njia peke yake inaweza kukudanganya. Maji ya moto yanapitisha umeme kama magma. Gesi inachelewesha mawimbi kama joto. Zikikubaliana tatu au nne ndipo mtu anathubutu kusema hapa kuna kitu. Wakenya walipata uthibitisho wa nadra huko Menengai, juu ya Nakuru, walipoanza kuchimba visima vya jotoardhi mwaka 2011: kwenye kina cha kama kilomita 2 mtambo wa kuchorongea ulileta juu vipande vya kioo, magma iliyoganda ilipoguswa na maji ya kuchorongea. Kwa kawaida hakuna anayepewa nafasi ya kuigusa.

Nilirudi kijijini kwa yule mzee siku moja nikitoka Geita kwenda nyumbani. Alikuwa hatoki tena nje ya ua, lakini akili yake ilikuwa kali. Nilimwambia matokeo yote yaliyokuwa yametoka hadi wakati huo, kwa Kisukuma, nikichora ardhini: hapa sisi, jiwe baridi nene, hapa Manyara na Arusha, chini yake moto. Alifurahi kwamba ngitili yake ilikuwemo kwenye ile kazi. Kisha akauliza swali ambalo sijalisikia kwa mwanafunzi yeyote niliyekutana naye.

"Kama chini yetu ni jiwe baridi, almasi za Mwadui zilipandishwa na nini?"

Kwa bahati nilikuwa nimelisoma hilo. Nikamwambia almasi inahitaji vyote viwili. Inaumbika kwenye kina cha kilomita 150 na zaidi, mahali penye mgandamizo mkubwa lakini mwamba usiwe wa moto mno. Kwa hiyo ni lazima pawe na jiwe nene baridi kama letu ili iweze kuumbika na kutunzwa. Lakini haiwezi kupanda yenyewe. Mwadui ni koo la volkano, hekta 146, kubwa kuliko makoo yote ya almasi yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani. Miaka milioni 40 au 50 hivi iliyopita, magma ya aina ya pekee, yenye gesi nyingi, ilitoka chini ya jiwe, ikalipasua, ikapanda kwa kasi, kwa saa au siku, siyo miaka, ikibeba almasi njiani kama ilivyozikuta.

"Kwa hiyo moto umewahi kupita."

"Umewahi, namhala."

"Unaweza kupita tena?"

Nikamweleza habari za vilima vya Igwisi, jirani na Urambo. Ni volkano tatu ndogo, za ukoo ule ule wa Mwadui, na ndizo changa kuliko zote za ukoo huo zinazojulikana duniani. Wakati ule nilijua tu kwamba ni changa. Baadaye, mwaka 2012, umri wake ulichapishwa: zaidi kidogo ya miaka 10,000. Kwa hesabu ya miamba hiyo ni juzi. Watu walikuwa tayari wanaishi na kuwinda nchi hii. Nikamwambia hakuna anayeona dalili kwamba itatokea tena karibuni, lakini kama ingetaka kutokea, ishara ya kwanza ingekuwa mitetemo midogo ya kina kirefu, na cha kuisikia ni chombo kile kile tulichokifukia kwenye ngitili.

"Basi mngekiacha," akasema.

Nilikubaliana naye siku ile. Mwaka 2007 nilikubaliana naye zaidi. Julai ya mwaka huo ardhi ilitetemeka mfululizo karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Tetemeko la Julai 17 lilikuwa la 5.9 na lilisikika hadi Nairobi. Picha za rada kutoka setilaiti zilionyesha kwamba ufa wa magma ulikuwa umejipenyeza chini ya ardhi bila kufika juu. Septemba, Oldoinyo Lengai jirani yake ukalipuka kwa majivu, baada ya miaka mingi ya kumwaga tu lava yake nyeusi isiyofika hata nyuzi 600. Waliojua kilichotokea chini ni wale waliokuwa na vyombo. Ndipo, kati ya 2013 na 2014, Watanzania, Wakenya, Wamarekani na Wafaransa wakauzunguka ukanda wa Natron kwa karibu vituo 40, na kugundua kwamba gesi ya kaboni kutoka kina kirefu inapanda kwa wingi kwenye nyufa hata mahali pasipo na volkano.

Na Septemba 10, 2016 nilikuwa Geita. Ilikuwa mchana. Mabati yalilia, vyombo vikasogea kabatini, watu wakatoka nje wakiangaliana, na swali la kwanza la kila mtu lilikuwa kama mgodi umelipua baruti. Haikuwa baruti. Lilikuwa tetemeko la 5.9 upande wa Kagera, lililoua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba za Bukoba na Missenyi. Vijana wa nyumba ya jirani walitaka kujua limetufikiaje, na ziwa liko katikati. Niliwaambia wakae, nikaanza na lile jiwe: kwamba mwamba baridi na mgumu hausahau mtikisiko haraka, hauumezi kama unavyofanya mwamba laini wa moto, unaubeba mbali, kwamba sifa hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Marekani waje kuchimba shimo Unyamwezini, na kwamba siku wakisikia kijiji chao kinaombwa sehemu tulivu ya kufukia chombo, wawe na maswali mengi, kisha waitoe.